Uliza Fundi: Nani amekalia poti yangu?

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: mtu ameweka seva kwenye kompyuta yake mwenyewe ili atengeneze programu, na seva haitii. Nimechagua saba. Ombi moja kabla sijaanza: msinitumie picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imeinama, na taa imemulika palepale penye ujumbe wa kosa. Ujumbe wa kosa ni maneno. Ninakilieni maneno.

Shikamoo Fundi. Nimeweka XAMPP na kuandika ukurasa wangu wa kwanza wa PHP, mistari minne tu. Nikiufungua, kivinjari kinanionyesha msimbo wenyewe, kuanzia alama ya <?php hadi mwisho. Mwenzangu anasema nimekosea kuandika. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa muhula wa kwanza*

Marahaba, mwanangu. Mistari yako minne nimeisoma na haina kosa, mwambie mwenzako. Kosa liko juu ya ukurasa, kwenye upau wa anwani. Kwako pameandikwa file:///C:/ na kuendelea. Maana yake kivinjari kimekwenda chenyewe kwenye diski, kimechukua faili kama lilivyo na kukumwagia mbele yako. Apache, ile seva iliyomo ndani ya XAMPP, hata habari haina.

Kivinjari hakijui PHP na hakijawahi kuijua. Anayeijua ni programu ya PHP iliyokaa nyuma ya Apache: inausoma msimbo, inautekeleza, inatoa HTML, na hiyo HTML ndiyo inayopelekwa kwa kivinjari. Sasa wewe umempita mpishi na kwenda kujichukulia unga stoo.

Hamishia folda yako C:\xampp\htdocs, tuseme iwe C:\xampp\htdocs\mradi. Washa Apache kwenye paneli. Kisha usibofye faili lolote. Andika kwa mkono http://localhost/mradi/ na ubonyeze Enter. Ukiona bado, kagua jina la faili. Notepad hupenda kuongeza .txt mwishoni, na Windows kwa kawaida huficha kiendelezi, kwa hiyo unaona index.php kumbe ni index.php.txt. Washa uonyeshaji wa viendelezi leo na usiuzime tena.

Wanaoandika JavaScript tupu wasicheke. Moduli za JavaScript na maombi ya fetch hukataliwa na vivinjari ukurasa unapofunguliwa kwa file://, na barua zenu tatu zilizosema "import haifanyi kazi" jibu lake ni hilihili. Kama mna Python, ingieni kwenye folda na kuandika python3 -m http.server 8000, kisha fungueni http://localhost:8000. Ila hiyo hugawa mafaili tu, PHP haitaitekeleza.

Fundi, Apache inawaka kijani sekunde moja na kuzimika. Nimeondoa XAMPP na kuiweka upya mara nne. Sasa nafikiria kuweka Windows upya.
*Nimechoka*

Pole, ndugu yangu, na Windows iache ilivyo. Ungeisakinisha XAMPP hata mara arobaini, aliyekalia poti yako hana habari na usakinishaji wako.

Poti ni namba, kuanzia 0 hadi 65535. Programu inayotaka kupokea wageni huchagua namba na kuikalia, na ikishaikalia kwenye anwani fulani, nyingine ikija kuitaka hapohapo huambiwa pamejaa. HTTP desturi yake ni 80, HTTPS (HTTP iliyosimbwa kwa usalama) ni 443, hifadhidata za MySQL na MariaDB hukaa 3306, ya PostgreSQL 5432. Apache yako inaamka, inaomba 80, inakuta mtu, inakufa. Hiyo ndiyo sekunde yako moja ya kijani.

Usibahatishe, uliza mashine. Fungua lile dirisha jeusi la amri na uandike:

netstat -ano | findstr :80

Itatoka mistari kadhaa, maana 8080 na 8005 nazo zina ":80" ndani yake. Tafuta ule wenye 0.0.0.0:80 na neno LISTENING. Kwako, kwa jinsi ulivyonakili (ahsante kwa kunakili), unasomeka hivi:

TCP  0.0.0.0:80  0.0.0.0:0  LISTENING  4

Namba ya mwisho ndiyo kitambulisho cha mwenye kiti. Kwa kawaida ungeipeleka kwenye Task Manager, kichupo cha Details, ukaona ni programu gani, ukaifunga. Lakini 4 ni ya pekee: ni System, yaani Windows yenyewe. Hiyo huiui. Mara nyingi aliye nyuma yake ni IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, ambayo mtu aliiwasha siku moja akijaribu kitu akaisahau. Ukifungua services.msc utaiona kwa jina la World Wide Web Publishing Service, na unaweza kuisimamisha.

Mimi lakini nisingegombana naye. Ningehama. Fungua httpd.conf kwenye C:\xampp\apache\conf, tafuta mstari wa Listen 80, ufanye Listen 8080, na palipo na ServerName localhost:80 nako uandike 8080. Hifadhi, washa. Kuanzia hapo anwani yako ni http://localhost:8080/mradi/, na hiyo nukta mbili na namba ni sehemu ya anwani. Poti 80 huwa haiandikwi kwa sababu kivinjari huidhania chenyewe kikiona http; nyingine yoyote lazima uitaje. Nusu ya wanaohamia 8080 huniandikia tena kesho yake kwamba "bado haifunguki", na kila nikiangalia wameandika localhost peke yake.

Wa Linux: sudo ss -ltnp itawapa jibu lilelile. Na kumbukeni kwamba huko, kwa kawaida, mtumiaji asiye root (msimamizi mkuu wa mashine) haruhusiwi kukalia poti iliyo chini ya 1024, kwa hiyo mkikatazwa 80 si lazima awe amekaa mtu.

Tovuti yangu inafunguka vizuri kwenye kompyuta. Nataka kuiona kwenye simu. Nikiandika localhost:8000 kwenye simu, hakuna kitu. Rafiki akaniambia nitumie IP, nikaandika 192.168.56.1:8000, nayo pia kimya. Simu na kompyuta ziko Wi-Fi moja.
*Msanifu wa kurasa*

Barua hii nimeipenda kwa sababu ina makosa matatu yaliyopangana moja nyuma ya jingine, na ukirekebisha moja tu hutaona tofauti yoyote. Hapo ndipo watu hukata tamaa.

La kwanza. "localhost" maana yake ni mimi mwenyewe. Ni jina la 127.0.0.1, na anwani zote zinazoanza na 127 zimetengwa ili mashine ijisemeshe yenyewe. Mazungumzo hayo hayatoki nje kabisa, hata ukizima Wi-Fi yanaendelea. Simu ikiambiwa localhost hujitafuta yenyewe, na simu yako haina seva.

La pili, hiyo 192.168.56.1. Niliitambua kabla sijafika mwisho wa sentensi. Una VirtualBox, ile programu ya kuendesha kompyuta za kubuni ndani ya kompyuta yako, sivyo? Hiyo ni anwani ya kadi ya mtandao ya kubuni ambayo VirtualBox huiunda kwa ajili ya kompyuta zake za ndani. Simu haiwezi kuifikia. Ukiandika ipconfig, usichukue anwani ya kwanza inayofanana na IP. Shuka hadi kwenye kichwa kinachotaja Wi-Fi, uchukue ile ya IPv4 iliyo chini yake.

La tatu ndilo linalowapita wengi. Umewasha seva kwa php -S localhost:8000. Umeiambia kwa maneno yako isikilize localhost tu. Anayebisha kutoka nje, hata akiwa na anwani sahihi, hasikiki. Izime kwa Ctrl+C na uiwashe hivi: php -S 0.0.0.0:8000. Zile sufuri nne maana yake "sikiliza kwenye anwani zangu zote". Vite, seva ya majaribio ya watu wa JavaScript, nayo ina --host kwa kazi hiyohiyo. Apache ya XAMPP kwa mipangilio yake ya mwanzo husikiliza kote, kwa hiyo mwenye Apache akikwama, mara nyingi kizuizi ni ukuta wa moto wa Windows: siku ile kisanduku kilipouliza ruhusa alibofya Cancel bila kusoma.

Hayo ni ya nyumbani. Kwenye Wi-Fi ya watu wengi rudi localhost, kwa sababu 0.0.0.0 haichagui mgeni.

Halafu nakuonya mapema, maana barua yako ijayo naiona ikija: kamera. Umesema programu yako inasoma misimbo pau. Kwenye kompyuta kamera itafunguka, kwenye simu itagoma, na utadhani simu ni mbovu. Vivinjari huruhusu kamera, mahali ulipo na mambo mengine nyeti kwenye HTTPS tu, isipokuwa localhost, ambayo huaminika hata kwa http ya kawaida. Ukija kwa 192.168 kwa http, huaminiki. Dawa ninayoitumia kwa simu za Android ni waya: washa utatuzi wa USB kwenye simu, unganisha, kisha kwenye kompyuta yenye adb (zana ya Android ya kuongea na simu) andika adb reverse tcp:8000 tcp:8000. Sasa, kwenye simu, localhost:8000 inapelekwa kwa kompyuta kupitia waya. Jina ni localhost, kivinjari kinaamini, kamera inafunguka, na yale makosa matatu ya juu yote hayakuhusu tena.

Fundi nisaidie haraka. Paneli inasema "MySQL shutdown unexpectedly". Nimesoma mahali nifute faili la ibdata1 na yote yatakuwa sawa. Nifute?
*Mwenye haraka*

Usifute! Ondoa mkono kwenye kibodi kwanza.

Nilifuta mimi. Nilikuwa natengeneza mfumo wa maktaba ndogo: vitabu, wanachama, nani ameazima nini. Miezi miwili ya jioni. Siku moja umeme ukakatika huku hifadhidata inaandika, nilipowasha nikakutana na sentensi hiyohiyo uliyoniandikia. Nami nilisoma mahali, kwamba futa ibdata1, itajitengeneza upya. Nikaifuta. MySQL ikawaka kijani papo hapo, nikafurahi kama mtoto. Nikafungua phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata: hifadhidata ipo, majedwali yote yapo upande wa kushoto, vitabu, wanachama, mikopo, kwa majina niliyoyapa mwenyewe. Nikabofya vitabu. "Table 'maktaba.vitabu' doesn't exist in engine." Nikabofya wanachama. Sentensi ileile. Jasho jembamba likanitoka.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya C:\xampp\mysql\data kila hifadhidata ina folda yake, na ukiona folda utadhani kila kitu kimo humo. Lakini injini ya InnoDB, inayotunza majedwali mengi siku hizi, huweka daftari lake kuu ndani ya ibdata1: jedwali gani lipo, liko wapi, lina namba gani. Umeme wangu uliharibu kidogo tu. Mimi nikachoma daftari. Majina yaliyobaki kushoto yalitoka kwenye mafaili madogo ya maumbo ya majedwali. Vilikuwa vibao vya milango ya vyumba ambavyo injini haivijui tena.

Kwa hiyo fanya hivi, kwa utulivu. Funga paneli. Nakili folda nzima ya data, yote, uipe jina la leo, uiweke mahali pengine. Sasa hata ukikosea una pa kurudi. Kisha fungua mysql_error.log iliyomo humo humo na usome mistari ya mwisho. Huenda si uharibifu kabisa. Mara nyingi nimekuta humo poti 3306 imekaliwa na MySQL nyingine iliyosakinishwa peke yake, na ukiisoma barua ya pili hapo juu unajua la kufanya. Wengi huanza kufuta kabla ya kufungua faili hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ukishapona, jiwekee amri hii ya kila jioni:

mysqldump -u root --result-file=maktaba.sql maktaba

Nimetumia --result-file makusudi badala ya alama ya >, kwa sababu PowerShell ya zamani iliyo ndani ya Windows huliandika faili kwa usimbaji mwingine, UTF-16, na siku ya kulirudisha litakusumbua. Faili la .sql ni maandishi tu. Linafunguka popote, kwenye MySQL au MariaDB (XAMPP yenyewe imekuwa na MariaDB tangu 2015, ingawa paneli bado inaandika MySQL). Na usiku, bonyeza Stop kabla ya kuzima mashine.

Maktaba niliiandika upya. Toleo la pili lilikuwa zuri zaidi, lakini sikushauri ujifunze kwa njia hiyo.

Kwangu picha zote zinaonekana. Nimepandisha tovuti kwa mteja, nusu ya picha hazipo. Wenye seva wanasema tatizo ni langu.
*Baba Pacha*

Baba Pacha, wenye seva wamesema kweli. Kwenye msimbo wako umeandika picha/nembo.png. Kwenye folda faili linaitwa Nembo.PNG. Windows, na Mac kwa mipangilio yake ya kawaida, havitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Seva ya mteja ni Linux, nayo hutofautisha: hayo ni mafaili mawili, na ulilolitaja halipo. 404.

Fanya majina yote yawe herufi ndogo, bila nafasi. Ukitumia Git, ile programu ya kutunza matoleo ya msimbo, usibadilishe jina mara moja kutoka Nembo.PNG kwenda nembo.png, huenda Git kwenye Windows isione kilichobadilika. Tumia git mv kwenda jina la muda, kisha git mv tena kwenda jina unalolitaka.

Nimeipa seva yangu ya nyumbani jina mradi.dev kwenye faili la hosts, ile orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta. Kila nikiandika http kivinjari kinanilazimisha https na kukataa.
*Msomaji wa siku nyingi*

Kwa sababu .dev si ya kuchezea. Ni kikoa halisi cha Google, na tangu Chrome 63 ya mwishoni mwa 2017 vivinjari vimekariri kwamba chochote kinachoishia hivyo lazima kiwe HTTPS. Badilisha iwe mradi.test. Jina .test limetengwa rasmi kwa majaribio na hakuna atakayelinunua. Usisahau kulibadilisha na kwenye mipangilio ya Apache.

Habari za kazi, Fundi. Mimi sitaki XAMPP, natumia php -S localhost:8000 tu. Lakini nikifunga dirisha jeusi, tovuti inazimika. Na ukurasa wangu mmoja unaoomba data kwa curl (zana ya kutuma maombi ya wavuti) kutoka ukurasa mwingine wa palepale unaganda milele. Je, nihamie Docker?
*Mpenda vitu vyepesi*

Nzuri, na karibu kwenye kundi letu. Seva hiyo imo ndani ya PHP tangu toleo la 5.4, la 2012, na kwa kujaribu mambo haina mpinzani. Docker, inayofungasha programu pamoja na mazingira yake yote, ni nzuri mkiwa timu na kila mmoja ana mashine yake yenye maajabu yake. Kwa mtu mmoja mwenye kurasa sita ni kukodi lori kubeba begi.

Kuganda: seva hiyo, usipoiambia vingine, huhudumia ombi moja kwa wakati mmoja. Ukurasa A umeshika nafasi na unasubiri jibu la B. B uko nje kwenye foleni unasubiri A atoke. Watasubiriana hadi kesho. Kwenye Linux au Mac weka PHP_CLI_SERVER_WORKERS=4 mbele ya amri, inakubalika tangu PHP 7.4. Kwenye Windows hiyo haipo. Fungua dirisha la pili lenye poti 8001 na umwelekeze curl huko.

Na dirisha jeusi, ndugu, ndilo seva yenyewe. Neno hili "seva" limewafanya watu wafikirie chumba chenye baridi na makabati ya chuma, kumbe ni kazi tu, na programu yoyote inayosikiliza na kujibu inaifanya. Seva ya kwanza kabisa ya wavuti, mwaka 1990 huko CERN, ilikuwa kompyuta ya mezani aina ya NeXT, ileile ambayo Tim Berners-Lee alikuwa akiandikia kivinjari chake. Kutengeneza na kuhudumia, meza moja, kama wewe. Naye alikuwa na tatizo lako: mtu akiizima, wavuti yote imezimika. Akabandika karatasi na kuandika kwa wino mwekundu kwamba mashine hii ni seva, ISIZIMWE, na alama mbili za mshangao.

Dirisha lako lipunguze tu, usilifunge. Na kama kuna watu wengine wanaoitumia kompyuta hiyo, tafuta kalamu nyekundu.